Waliokufa Nje ya Daftari

Takwimu rasmi za Uingereza zinasema kwamba katika Afrika Mashariki, tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaua wanajeshi wa himaya hiyo zaidi kidogo ya 11,000, kati ya karibu 127,000 waliopigana huku. Ichukue namba hiyo uiweke karibu na mto Somme, kaskazini mwa Ufaransa, ambako Waingereza 19,240 waliuawa kwa siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916, na utaelewa kwa nini vitabu vingi vya Ulaya huvipa vita vya kwetu aya mbili tatu kisha vikaendelea na mambo mengine. Miaka minne na ushei ya mapigano, kuanzia Tanga na Taveta hadi Tabora, Mahiwa na Msumbiji, ikaacha maiti wachache kuliko siku moja ya Ufaransa. Hayo ndiyo maelezo yaliyozoeleka, na ndiyo ninayoyapinga hapa. Namba ile ya 11,000 haina kosa la kujumlisha. Tatizo lake ni kwamba inamhesabu mwenye bunduki na kumwacha aliyembebea risasi, unga, hema na machela, ilhali huyo wa pili ndiye aliyekufa kwa wingi. Mpaka arudishwe kwenye hesabu, hakuna la maana tunaloweza kusema juu ya ukubwa wa vita vile, wala kuvilinganisha na vita vingine vyovyote.

Kabla ya kuwafikia wapagazi, inafaa tuelewane namba za vita zinasomwaje, maana hapo wengi hujikwaa. Idadi inayotangazwa baada ya mapigano kwa kawaida hujumlisha watu wa aina nne: waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliotoweka. Siku ile ya Somme, Waingereza waliopatwa na mojawapo ya hayo walikuwa 57,470. Mwandishi asiye makini huiandika hiyo kama idadi ya maiti, na kwa kalamu yake anawazika watu 38,000 ambao hawakufa siku hiyo. Halafu kuna suala la chanzo cha kifo. Kwa karne nyingi askari aliyekwenda vitani alikuwa na sababu ya kuogopa maji ya kunywa kuliko risasi. Katika vita vya Crimea, 1853 hadi 1856, Uingereza ilipoteza wanajeshi wapatao 21,000, na karibu 16,000 kati yao walikufa kwa maradhi; takwimu hizo ndizo zilizomfanya muuguzi Florence Nightingale achore michoro yake maarufu ya mwaka 1858, ili wakubwa wa serikali waone kwa macho kwamba jeshi lilikuwa likijiua lenyewe kwa uchafu. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, wanajeshi wa Uingereza wapatao 22,000 walikufa, na takriban theluthi mbili yao waliondolewa na magonjwa, homa ya matumbo ikiwa mbele. Uwiano wa namna hiyo hiyo ulionekana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya miaka ya 1860.

Ufaransa ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyokwenda kinyume. Chanjo ya homa ya matumbo, vyoo vilivyochimbwa kwa utaratibu, reli iliyoleta mkate karibu na mahandaki na kuwaondoa majeruhi, pamoja na mizinga iliyoua kwa kasi ambayo dunia haikuwa imeiona, vyote hivyo viligeuza hesabu, na silaha zikaua kuliko maradhi. Kwa hiyo anayekipima kila kipande cha vita vile kwa kipimo cha Somme anakipima kwa tukio lisilo la kawaida. Afrika Mashariki ilikuwa vita vya sampuli ya zamani, vita vya tumbo na homa, na ilipaswa kuwekwa karibu na Crimea. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini kiliingia vitani Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba waliobaki wakiwa na afya ya kusimama kazini walikuwa 116, na kikosi hicho kilikuwa kimepigana kidogo sana. Malaria na kuhara damu ndivyo vilivyowamaliza. Serikali yao haikungoja: maelfu ya wazungu wa Afrika Kusini walirudishwa kwao kabla mwaka huo haujaisha, wengi wao wakiwa wagonjwa. Walioziba pengo ni Waafrika. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Keya, lilipanuliwa mpaka likafikia askari wapatao 35,000 vita vilipokwisha. Na nyuma ya kila askari kulikuwa na safu ndefu ya watu wasio na bunduki.

Kwa nini watu, wala si farasi au magari? Wanyama waliletwa, tena kwa maelfu, na mbung'o wakawaua kwa maelfu. Magari yalikuwepo, lakini barabara hazikuwepo, na mvua ikinyesha hata zile chache zilimezwa na matope. Reli zilikuwa mbili tu za maana upande wa Wajerumani, ya Tanga kwenda Moshi na ya Dar es Salaam kwenda Kigoma, na vita viliondoka kwenye reli vikaelekea kusini. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Sasa fanya hesabu ndogo, kwa sababu ndani yake kuna siri nzima ya vifo vile. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Tuseme posho yake ni kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, atakuwa amekula kilo 20, na kitakachomfikia askari ni kilo tano, yaani chakula cha siku tano cha mtu mmoja. Safari ikiwa ya siku 12 na nusu kila upande, mzigo wote unaishia tumboni mwa aliyeubeba na askari hapati kitu. Njia za kulikwepa jambo hilo zilikuwa tatu, zote chungu: kuongeza wapagazi bila kikomo, kuwapunguzia posho, au kunyang'anya chakula cha wanavijiji njiani. Majeshi yote yaliyopigana hapa, ya Uingereza, Ujerumani, Ubelgiji na Ureno, yalizitumia zote.

Mwanzoni mwa 1917 hesabu hiyo ilionekana waziwazi katika bonde la Rufiji. Jeshi la Uingereza lilikuwa limefika mtoni, na chakula chake kilishushwa kwenye stesheni ya Mikese, karibu na Morogoro, kisha kikabebwa kupitia Duthumi na Kisaki. Mvua za mwaka huo zilizidi kipimo. Mabonde yakageuka maziwa, magari yakakwama, na watu wakaendelea kupita na mizigo kichwani katika maji yaliyowafika kiunoni. Askari walipunguziwa chakula hadi wakala mizizi na nyama yoyote waliyoipata porini. Mpagazi aliyekuwa akiwaletea chakula hicho alikuwa na hali mbaya zaidi. Posho yake mara nyingi ilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chembe ngumu, na alipewa aupike mwenyewe jioni akiwa amechoka, pengine kwenye mvua, kwa kuni mbichi. Unga wa namna hiyo usipoiva hukwaruza utumbo, na utumbo uliokwaruzwa hauwezi kustahimili kuhara damu. Mtu aliyekulia ndizi Buganda, au mchele pwani, alipewa unga ule ule na kutarajiwa auzoee ndani ya siku chache. Wanaotoka milimani hawakuwa wamewahi kuugua malaria ya mabondeni. Wanaotoka pwani walikamatwa na nimonia kwenye baridi ya nyanda za juu. Ushahidi kwamba vifo hivi vingeweza kuzuilika upo: wakuu wa idara ya wapagazi, chini ya Oscar Watkins, walipofanikiwa kupata unga laini, wapishi wa kambi na sehemu za wagonjwa kupumzika, hali ilikuwa afadhali.

Kuna kundi moja dogo ambalo habari zake zinatuonyesha kwa karibu jinsi mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa 1916 visiwa vya Shelisheli vilitoa wanaume karibu 800 kwenda kufanya kazi ya upagazi huku bara. Walikuwa watu wa kisiwa, majina yao yaliandikwa, waliondoka pamoja kwa meli na waliobaki wakarudi pamoja. Katika muda wa miezi mitano hivi zaidi ya 300 walikuwa wamekufa kwa kuhara damu, malaria na beriberi, yaani karibu wanne kati ya kila kumi. Hakuna mapigano makubwa waliyoshiriki. Nataka msomaji aitafakari namba hiyo, kwa sababu hatuijui kwa kuwa Washelisheli walikufa kuliko wengine. Tunaijua kwa kuwa walihesabiwa walipoondoka na wakahesabiwa waliporudi. Mwanaume aliyechukuliwa Machakos, Kisumu au Songea hakupata bahati ya kuandikwa hivyo.

Jumla ilikuwa ngapi basi? Wanahistoria wawili walioichimba habari hii kwa kina, Geoffrey Hodges katika miaka ya 1980 na Edward Paice mwaka 2007, walifika karibu mahali pamoja. Uingereza iliajiri au kukamata wapagazi kufikia milioni moja katika nchi zote zilizozunguka uwanja wa vita, na waliokufa hawapungui 95,000. Hodges anawaweka zaidi ya 100,000. Katika eneo ambalo leo ni Kenya peke yake, Paice anakadiria vifo 45,000, sawa na mwanaume mmoja kati ya kila wanane wenye umri wa utu uzima nchini humo. Tulinganishe sasa, kwa haki. Australia ilipoteza watu wapatao 60,000 katika vita vile, ikiwa na wakazi pungufu kidogo ya milioni tano, na hadi leo huwezi kupita mji mdogo wa nchi hiyo usikute mnara wenye majina yao. Wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokufa Afrika Mashariki wanawazidi Waaustralia wote waliokufa katika medani zote za dunia. Na ukiwajumlisha na wale askari 11,000 wa mwanzo, unapata vita vilivyoua zaidi ya watu 100,000 wa upande mmoja tu. Hicho hakiwezi kuitwa kipande cha pembeni.

Hata hivyo jumla peke yake haitoshi. Lazima tuulize walikufa kati ya wangapi. Mtu anaweza kusema kwamba 95,000 kati ya milioni moja ni chini ya mmoja kati ya kumi, wakati Waingereza walioitwa jeshini walikufa karibu mmoja kati ya wanane, kwa hiyo mpagazi alikuwa salama kidogo kuliko askari wa Uingereza. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu ile milioni inawachanganya watu wa aina tofauti kabisa. Wengi wao walibeba mizigo wiki chache katika wilaya zao wenyewe, wakala chakula cha nyumbani, wakaachiwa. Waliokufa ni wale waliopelekwa mbali kwa miezi. Kenya ilitoa wapagazi wapatao 200,000, wengi wao wakivushwa mpaka na kupelekwa kusini; zaidi ya mmoja kati ya watano hakurudi. Na wengi wa hao walikamatwa katika msako mkubwa wa 1917, ambapo zaidi ya wanaume 100,000 walikusanywa katika miezi michache na kupelekwa moja kwa moja kwenye mvua za kusini, wengine wakiwa dhaifu kabla hawajabeba mzigo wa kwanza.

Pingamizi la kwanza analoweza kuleta msomaji makini ni la kisheria: mpagazi hakuwa askari, basi kifo chake, kwa masikitiko yote, hakiingii katika orodha ya vifo vya kijeshi. Ningelikubali pingamizi hilo kama wapagazi wangekuwa wachuuzi waliofuata jeshi kwa hiari yao. Hawakuwa hivyo. Serikali ya kikoloni ya eneo ambalo leo ni Kenya ilitunga sheria mwaka 1915 ya kuwalazimisha wanaume kuingia katika kazi hiyo. Waliwekwa chini ya maofisa wa jeshi, wakapangwa katika vikosi, wakapewa namba, wakalipwa na serikali rupia chache kwa mwezi, na aliyetoroka aliadhibiwa. Isitoshe, jeshi lile lile la Uingereza lilimhesabu dereva wa lori aliyekufa Ufaransa, na mpishi, na mtunza farasi, na kila mmoja wao akapata jiwe la kaburi lenye jina lake. Kazi ya dereva wa Ufaransa na kazi ya mpagazi wa Rufiji ilikuwa moja: kufikisha mzigo kwa anayepigana. Anayemhesabu mmoja na kumwacha mwingine hawezi kujitetea kwa sheria za vita.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Namba za wapagazi ni makadirio, wakati namba ya askari inatoka kwenye orodha. Je, ni halali kuviweka viwili hivyo katika safu moja? Ukweli ni kwamba makadirio haya hayakutokana na kubahatisha. Wanahistoria huchukua idadi ya waliosajiliwa, wakatoa walioachiwa kwa hati, wakatoa waliorekodiwa kufa hospitalini, na kubaki na kundi kubwa la watu walioandikwa kuwa watoro au waliopotea. Ubishi wote uko kwenye kundi hilo. Baadhi yao walitoroka kweli na wakafika makwao salama, na haifai kuwaua kwenye karatasi. Lakini mtu anayeharisha damu, aliye mamia ya kilomita kutoka kwao, anapoachwa nyuma ya msafara, naye huandikwa mtoro. Ndiyo maana makadirio yana chini na juu. Marekani yenyewe, yenye nyaraka tele, kwa zaidi ya karne moja ilifundisha kwamba vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe viliua watu 620,000, hadi mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker alipopekua sensa za kabla na baada ya vita, akaona wanaume waliokosekana ni wengi mno, akapendekeza 750,000. Hakuna aliyemwambia afute namba yake kwa sababu ni makadirio. Sisi huku hatuwezi kuitumia mbinu yake, kwa kuwa sensa ya kwanza kamili ya Waafrika katika Kenya, Uganda na Tanganyika ilifanywa mwaka 1948. Lakini anayekataa makadirio kwa kuwa hayana uhakika huishia kuandika sifuri, na kati ya namba zote zinazowezekana, sifuri ndiyo pekee tunayoijua kwa hakika kuwa si kweli.

Pingamizi hilo linanilazimu pia niwaonye wanaovuta kamba upande wa pili. Kuna wanaochanganya katika kapu moja wapagazi, raia waliokufa kwa njaa na waliokufa kwa mafua makubwa ya 1918, kisha wakatoa namba kubwa mno kama vifo vya jeshi. Njaa ile ilikuwa halisi. Katika Ugogo, majeshi ya pande mbili yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume, mvua zikafuata kukosekana, na kilichotokea kati ya 1917 na 1920 Wagogo wanakikumbuka kwa jina la Mtunya. Mwanahistoria John Iliffe anakadiria kwamba mmoja kati ya watu watano wa wilaya ya Dodoma alikufa. Kwa eneo zima lililokuwa chini ya Wajerumani, makadirio ya raia waliokufa hufika 300,000. Haikuwa mara ya kwanza: katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, wakapoteza wenyewe Wazungu 15 na askari wa Kiafrika wasiofika 400, wakati upande wa wananchi vifo, vingi vikiwa vya njaa, vinakadiriwa kati ya 250,000 na 300,000. Raia hawa wanastahili safu yao wenyewe katika hesabu, iliyo kubwa kuliko zote. Kuwasukuma ndani ya safu ya vifo vya kijeshi kunaficha jinsi walivyouawa, na kunampa mpinzani nafasi ya kuitupa hesabu yote.

Upande wa Ujerumani ndio uliofaidika zaidi kwa wapagazi kutohesabiwa. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata sifa duniani kote kwa kuwazungusha maadui wengi akiwa na jeshi dogo, lisilozidi Wazungu 3,000 na askari 11,000 lilipokuwa kubwa kabisa. Sifa hiyo inasimama kwa kuwa tunahesabu bunduki tu. Aliposalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wajerumani 155 na askari 1,168, na pamoja nao wapagazi na wafuasi wapatao 3,000, wakiwemo wanawake kwa mamia. Wale waliokufa njiani katika miaka minne hakuna aliyewaandika kwa utaratibu. Ludwig Deppe, daktari aliyetembea na jeshi hilo, aliandika baadaye kwamba walipopita waliacha mashamba yaliyoharibiwa na maghala matupu. Jeshi linaloishi kwa kuwala wenyeji na kuwachosha wabebaji wake mpaka kufa linaweza kubaki dogo kwenye karatasi muda mrefu sana.

Kutohesabiwa huku hakukuja kwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya himaya ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1917, na msingi wake ulikuwa usawa: jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe lenye ukubwa mmoja, bila kujali cheo, tabaka wala dini. Huku kwetu msingi huo uliwekwa kando. Tume yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilikiri hivyo katika ripoti ya Aprili 2021: watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao wasiotajwa ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti hiyo inaonyesha maofisa wa kikoloni wakijadiliana na kukubaliana kwamba Mwafrika hataelewa thamani ya jiwe la kaburi. Tofauti inaonekana ukienda Beho Beho, kusini mwa Kisaki. Mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa hapo kwa risasi tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lipo na linajulikana, na pori kubwa kuliko yote Tanzania likapewa jina lake, hadi sehemu yake ilipogeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Wapagazi waliokufa kwenye njia hiyo hiyo, miezi hiyo hiyo, hawana hata kibao. Sanamu ya Dar es Salaam ya 1927 inamwonyesha askari peke yake. Ile ya Nairobi angalau ina mpagazi kati ya watu wake watatu.

Wapo pia wanaouona ulinganishi wenyewe kuwa ukatili. Kila aliyekufa, wanasema, alikuwa na mama yake, na haifai kuweka maiti za Somme na za Rufiji kwenye mizani. Nauheshimu moyo wa hoja hiyo. Ila ulinganishi umekwisha kufanyika zamani, na wengine ndio walioufanya. Kila mara vita hivi vinapoitwa vidogo, kuna mizani iliyotumika, na kila serikali inapoamua nani alipwe fidia, nani ajengewe mnara na nani aingie kwenye kitabu cha shule, mizani hiyo hutumika tena. Tukijiondoa kwenye kulinganisha, hesabu ya zamani inabaki palepale.

Wala jambo hili halikuisha 1918. Marekani ilipopigana Iraq na Afghanistan, magazeti yalitangaza idadi ya wanajeshi wake waliokufa, zaidi ya 4,000 Iraq na zaidi ya 2,000 Afghanistan, na wengi wakavilinganisha vita hivyo na Vietnam, iliyoua Wamarekani zaidi ya 58,000. Kuna mambo mawili yanayofichwa na ulinganishi huo. La kwanza ni la heri: tiba imesonga mbele kiasi kwamba majeruhi wengi ambao Vietnam wangekufa sasa wanapona, mara nyingi bila mguu au mkono, hivyo idadi ya maiti inapungua kuliko ukali wa mapigano. La pili ni lile lile la wapagazi. Kazi za kuendesha malori, kupika na kulinda kambi zilikabidhiwa kampuni binafsi, zikafanywa na watu wa mataifa maskini, wakiwemo maelfu ya vijana wa Uganda waliokwenda kuwa walinzi Iraq. Hao wakifa, hawaingii kwenye orodha ya jeshi. Vifo vyao hukusanywa na wizara ya kazi ya Marekani kupitia madai ya bima, na ambaye familia yake haikudai hana pa kuonekana.

Kurekebisha hesabu ya zamani bado kunawezekana, angalau kwa sehemu. Januari 2025 Tume ya Makaburi ilifungua mnara Cape Town wenye majina ya vibarua weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita vile, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina na tarehe ya kifo, na majina hayo yalitoka kwenye madaftari yaliyokuwa yamekaa makavazini kwa karne nzima. Kwa Kenya na Tanzania, mahali pa kuanzia ni kwenye fedha. Baada ya vita maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikuwa wanadai mishahara ambayo haikulipwa kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa na jamaa zao hawakupatikana, na Watkins alibishana na serikali miaka mingi ili fedha hizo ziwafikie watu wao. Ubishi juu ya mishahara huacha karatasi: majina, namba, wilaya, machifu waliowatoa. Karatasi hizo, zikiwekwa pamoja na madaftari ya wilaya na ya misheni, zinaweza kutuambia ni kijiji gani kilitoa watu wangapi na wangapi walirudi, kwa uhakika ule ule tulionao juu ya Washelisheli.